Maswali ya Wasomaji: Mtoto katika nyumba ya Waebrania wa kale

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuulize kuhusu maisha ya nyumbani ya Waebrania wa kale: uzazi, malezi, chakula, kazi, urithi. Safari hii tunajibu barua za mikoa ya Kigoma na Tabora. Kabla ya kuanza, kuna jambo linalowachanganya wengi. Waebrania wa kale waliishi muda mrefu, na desturi zao hazikuwa zilezile wakati wote. Tunaposema hapa "vijijini" tunakusudia kipindi cha kuanzia mwaka 1200 KK hivi, vijiji vyao vilipoenea kwenye vilima vya Kanaani, hadi mwaka 586 KK, Wababeli walipoibomoa Yerusalemu. Mengi yanayosimuliwa kana kwamba ni desturi za enzi za Daudi ni ya marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, walioishi zaidi ya miaka elfu moja baada yake. Pale ambapo jambo ni la marabi, tutasema.

Chumvi kwa mtoto mchanga

*Nimezalisha wanawake wengi hapa kijijini kabla zahanati haijajengwa. Mhubiri mmoja ametuambia Waebrania walimsugua mtoto mchanga kwa chumvi. Chumvi ya Uvinza tunayo tele. Je, ni kweli, na inafaa tuwafanyie wajukuu? – Bibi, Buhigwe*

Shikamoo bibi. Mhubiri amesema kweli. Ezekieli sura ya 16 inataja mambo manne aliyofanyiwa mtoto akizaliwa: kukatwa kitovu, kuoshwa kwa maji, kutiwa chumvi na kuzungushiwa vitambaa. Nabii anamzungumzia mtoto aliyetupwa, aliyekosa yote manne, na ndiyo maana tunajua kwamba mtoto aliyetakiwa na watu wake aliyapata. Mama hakujifungua akiwa amelala. Alikalia mawe au kigoda cha kuzalia, ambacho Kutoka sura ya 1 inakitaja, huku mkunga akimpokea mtoto kwa mbele. Chumvi ilipatikana kwa urahisi, kwa kuwa Bahari ya Chumvi ilikuwa jirani. Waganga wa Kigiriki na Kirumi walioandika baadaye walieleza kwamba chumvi inakaza ngozi ya mtoto na kuizuia isipate vipele.

Ila tafadhali bibi, usiwafanyie wajukuu. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na chumvi hupenya hadi kwenye damu. Chumvi ikizidi kwenye damu huyavuta maji kutoka sehemu nyingine za mwili, ubongo ukiwemo. Mtoto analegea, anaacha kunyonya, halafu degedege linamshika. Hospitali katika nchi ambazo desturi hii bado inafuatwa zimewahi kupokea watoto waliougua hivyo, na wapo waliokufa. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Kisiwekwe majivu wala samli wala chumvi, isipokuwa dawa aliyoitoa mhudumu wa zahanati. Ukishaona dalili hizo kwa mtoto aliyepakwa chumvi, mkimbizeni hospitali na mseme wazi mlichompaka.

Siku ya saba na siku ya nane

*Assalaam alaykum. Sisi akika tunaifanya siku ya saba. Naona Waebrania walitahiri siku ya nane. Kulikuwa na sherehe nyingine za mtoto? – Msomaji, Ujiji*

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Mvulana alitahiriwa siku ya nane (Mwanzo 17, Walawi 12), na kisu kinachotajwa katika habari za zamani kabisa ni cha jiwe gumu lililochongwa likawa kali. Mama alihesabiwa siku 7 za kwanza za unajisi, kisha siku 33 za kutakaswa, jumla 40. Akijifungua binti ilikuwa siku 14 na kisha 66, jumla 80. Mwisho wa siku hizo alipeleka mwanakondoo wa mwaka mmoja na njiwa mmoja. Asiye na uwezo alipeleka njiwa wawili, nao walipokelewa bila kuulizwa zaidi.

Mzaliwa wa kwanza wa kiume alikombolewa akiwa na mwezi mmoja kwa shekeli 5 za fedha (Hesabu 18). Mawe ya mizani yaliyochimbwa huko Yuda yanaonyesha shekeli moja ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kitu, kwa hiyo baba alilipa gramu 57 hivi za fedha. Hakukuwa na sarafu bado. Vipande vya fedha vilipimwa kwenye mizani mbele ya watu.

Sherehe ambayo wasomaji wengi hawaijui ni ya kumwachisha ziwa. Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinataja miaka mitatu ya kunyonyesha, na tunaona ndio uliokuwa muda wa kawaida au karibu yake. Watoto wengi walikufa kabla ya kufika hapo, kwa kuhara na homa, na mtoto aliyeachishwa akiwa mzima alikuwa amevuka pabaya. Kwa hiyo karamu ile ilikuwa na sababu yake.

Nyumba ya kufinyanga darasani

*Nataka wanafunzi wafinyange nyumba ya Mwebrania kwa udongo. Picha za vitabuni zinaonyesha chumba kimoja cheupe na mlango. Ndivyo ilivyokuwa? – Mwalimu wa shule ya msingi, Tabora mjini*

Hapana, Mwalimu. Wachimbaji wamefukua nyumba nyingi za wakati wa Waamuzi na Wafalme, na mpango wake unajirudia toka kijiji hadi kijiji. Nyumba ni ya mstatili. Ukiingia mlangoni unakuta sehemu ndefu tatu zilizolazwa sambamba mbele yako, zikitenganishwa na nguzo za mawe. Nyuma kabisa kuna chumba kimoja kilichokaa kwa upana wa nyumba nzima. Ndiyo sababu wataalamu wanaiita nyumba ya vyumba vinne. Nyumba nzuri ilikuwa na urefu wa mita 10 hadi 12 na upana wa mita 8 hadi 10. Ziko pia ndogo zaidi zenye sehemu mbili au tatu tu.

Kwa darasa lako tumia kipimo cha sentimita 4 kwa kila mita 1, basi nyumba itakuwa ya sentimita 44 kwa 36. Anza na msingi wa kokoto safu mbili, kisha matofali madogo ya udongo. Kuta zenyewe zilikuwa hivyo: mawe chini, matofali mabichi juu, na lipu ya udongo. Msipake chokaa nyeupe nje. Sehemu moja ya pembeni ifunikwe sakafu kwa vijiwe bapa, maana hapo ndipo walipolala mbuzi, kondoo na ng'ombe, na mkojo ulihitaji pa kupita. Kati ya nguzo wekeni vihori vya kulishia. Sehemu ya kati iwe ya udongo ulioshindiliwa, na hapo wekeni jiko na jiwe la kusagia. Chumba cha nyuma ni ghala: mitungi ya nafaka, mafuta na divai.

Watu walilala wapi, basi? Juu. Nguzo zile zilibeba orofa, na familia ilipanda kwa ngazi. Joto la mifugo lilipanda nalo wakati wa baridi ya vilimani. Mwanamke wa Endori aliyempikia mfalme Sauli alikuwa na ndama aliyenona humohumo nyumbani (1 Samweli 28), na ukiijua ramani ya nyumba hushangai.

Paa ndilo wanafunzi wako watalielewa upesi kuliko wenzao wa nchi nyingine, kwa kuwa lilikuwa bapa kama la tembe: boriti, juu yake matawi na matete, kisha udongo ulioshindiliwa. Hapo walianika kitani na tini, na siku za joto walilala hapo. Kasoro yake ni kwamba jua la kiangazi linapasua udongo, na mvua ya kwanza inaingia kwenye nyufa. Kwa hiyo walikuwa na gogo la jiwe la kuviringisha juu ya paa ili kuukandamiza udongo upya. Aliyechelewa kuviringisha alilala kwenye matone. Na msisahau ukuta mfupi kuzunguka paa. Kumbukumbu la Torati 22 inaamuru uwepo ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. Katika nyumba yenye watoto wanaocheza juu ya paa, sheria hiyo iliokoa maisha ya wengi.

Mkate wa Pasaka, na mkate wa kila siku

*Tunataka watoto wa shule ya Jumapili waoke mkate kama wa Waebrania. Mwaka jana tulitumia maandazi yasiyo na hamira yakawa magumu kama mawe. Tufanyeje? – Mwalimu wa shule ya Jumapili, Kasulu*

Mwalimu, mwaka jana mlipika kitu kingine kabisa. Andazi ni nene na linakaangwa. Bila hamira haliwezi kuwa laini. Mkate usiotiwa chachu lazima uwe mwembamba na upikwe kwa moto mkali upesi.

Kwa watoto wanane chukueni unga wa ngano usiokobolewa, ule wa atta, vikombe viwili, yaani gramu 250 hivi. Mimineni maji nusu kikombe kwanza, kandeni, kisha ongezeni kijiko kimoja kimoja mpaka donge liache kunata mikononi. Msitie chumvi wala mafuta wala sukari, kwa sababu mkate wa Pasaka ni unga na maji basi. Kandeni dakika tano, gaweni madonge manane, sukumeni kila moja mpaka liwe na unene wa milimita 2. Toboeni kila sehemu kwa uma. Kikaango cha chapati kiwe kimeshapata moto sana, kikavu, hakina mafuta. Kila upande dakika moja hadi mbili, mpaka utokee madoa ya kahawia.

Mkate ukifura kama puto, matundu yalikuwa machache. Ukiwa mgumu na mweupe, moto ulikuwa mdogo, hivyo maji yametoka polepole bila unga kuiva. Ukipasuka kingo wakati wa kusukuma, maji hayakutosha. Sheria ya marabi, iliyokuja baadaye sana, inataka dakika 18 zisipite unga ukiwa na maji bila kushughulikiwa, maana hapo unahesabiwa umeanza kuchacha. Kwa hiyo asiwepo wa kukanda donge kisha akaliacha na kwenda kuchota maji.

Lakini hatupendi watoto waondoke wakidhani Waebrania walikula mkate huo mwaka mzima. Pasaka na siku zake zilikuwa wiki moja. Siku nyingine walikula mkate uliochachuka, na chachu yao ilikuwa kipande cha donge la jana, cha ukubwa wa yai hivi, kilichohifadhiwa na kukandiwa ndani ya unga mpya. Uliokwa kwenye tanuri la udongo lenye umbo la mtungi usio na kitako, moto ukiwa chini. Kuta zikishapata moto, mwanamke aliingiza mkono na kuubandika mkate kwenye ukuta wa ndani. Tanuri likiwa halijapata moto wa kutosha, au donge likiwa na maji mengi, mkate unadondoka kwenye majivu. Kuni zilikuwa haba vilimani, na miiba, vijiti na samadi kavu ndivyo vilivyowashwa.

Kazi nzito haikuwa kuoka, ilikuwa kusaga. Jiwe la chini lilikuwa refu lenye bonde kidogo, na mwanamke alipiga magoti akisukuma jiwe la juu mbele na nyuma. Jiwe la kuzungusha kwa mpini, ambalo wachoraji wa picha za Biblia hulipenda, lilikuja karne nyingi baadaye. Kulisha familia ya watu sita kulichukua saa mbili hadi tatu za kusaga kila siku. Binti alianza kukaa upande wa pili wa jiwe akiwa bado mdogo. Punje za jiwe ziliingia kwenye unga na kuyala meno ya watu. Ndiyo maana pia sheria ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake (Kumbukumbu 24). Ukilichukua, nyumba hiyo haili kesho.

Shayiri ndiyo iliyokuwa unga wa maskini. Inaiva kabla ya ngano na inavumilia ukame. 2 Wafalme 7 inatoa bei: shekeli moja ilinunua kipimo kimoja cha unga mzuri, au viwili vya shayiri. Mkipata shayiri Kasulu, changanyeni nusu kwa nusu na atta. Ikiwa peke yake inakatikakatika mkononi.

Daudi alisoma shule gani?

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwenzangu anasema Daudi alisoma sinagogi akiwa na miaka mitano. Mimi nasema hapakuwa na shule. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, Nzega*

Marahaba mwanetu. Wewe uko karibu na ukweli zaidi. Sinagogi halikuwepo enzi za Daudi, karne ya 10 KK. Umri wa miaka mitano kwa kusoma Torati umo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika mwaka 200 BK hivi. Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasema kuhani mkuu Yoshua ben Gamla, aliyeishi karne ya 1 BK, ndiye aliyeagiza walimu wawekwe kila mji na watoto waanze wakiwa na miaka sita au saba. Talmudi hiyohiyo inaweka watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na wakifika 50 wawekwe walimu wawili. Darasa la namna hiyo hata sisi tunalitamani.

Zamani za Daudi mtoto alifundishwa nyumbani, na baba na mama wote walifundisha. Mithali inarudia mara kwa mara kwamba mwana asiache mafundisho ya mama yake, na sura ya 31 inaanza na maneno mfalme aliyofundishwa na mama yake mzazi. Somo kubwa lilianza kwa swali la mtoto mwenyewe. Kutoka 12 na Yoshua 4 zinamtarajia mtoto aulize, "Maana yake nini?", kisha mzazi asimulie.

Kuandika je? Herufi zilikuwa 22 tu, na hilo lilifanya kujifunza kuwe kwepesi kuliko Misri au Babeli, ambako ishara zilikuwa mamia. Huko Izbet Sartah, mwaka 1976, kilipatikana kigae cha karne ya 12 au 11 KK chenye mistari mitano, wa mwisho ukiwa ni herufi zimepangwa kwa mfuatano. Mwandiko unayumba. Wataalamu wengi wanauona ni wa mtu anayejifunza. Gezeri nako, mwaka 1908, kilipatikana kibao cha jiwe la chokaa chenye urefu wa sentimita 11 hivi. Kimeandikwa kazi za shambani mwezi kwa mwezi: miezi miwili ya kukusanya, miwili ya kupanda, miwili ya kupanda kwa kuchelewa, mmoja wa kung'oa kitani, mmoja wa kuvuna shayiri, mmoja wa kuvuna na kupima, miwili ya mizabibu, mmoja wa matunda ya kiangazi. Jumla ni 12, zihesabu mwenyewe. Wapo wanaoamini kilikuwa zoezi la mwanafunzi, kwa sababu uso wake unaonyesha kilikwanguliwa na kuandikwa tena. Watoto wengi, hata hivyo, hawakujifunza kuandika kabisa, na hilo usimfiche mwenzako.

Mtoto na kazi ya shamba

*Kuna mzee hapa anasema watoto wa Waebrania walifanya kazi tangu wadogo, kwa hiyo si vibaya mtoto wa darasa la nne kushinda kwenye tumbaku. Mnasemaje? – Mama, Urambo*

Mama, ni kweli walifanya kazi, tena mapema. Yeremia 7 inaonyesha nyumba nzima ikishughulika: watoto wanaokota kuni, akina baba wanawasha moto, wanawake wanakanda unga. Raheli alichunga kondoo. Daudi, mdogo wa wana wote wa Yese, alikuwa machungani siku Samweli alipofika. Mabinti walichota maji jioni kisimani, jua likiwa limepoa. Nyumba ya mkulima wa vilimani ilikula ilichozalisha, na mikono midogo ilihesabiwa.

Lakini mzee asome pia 2 Wafalme 4. Mtoto anakwenda kwa baba yake kwenye mavuno, analia "kichwa changu, kichwa changu", anapelekwa kwa mama yake na anafia mapajani mwake adhuhuri. Jua la mavuno liliua watoto, na hakuna mtu katika habari ile anayelichukulia jambo hilo kama la kawaida.

Tena tumbaku si shayiri. Waebrania hawakuijua kabisa, imetoka Amerika. Majani yake mabichi, hasa yakiwa na umande, yanatoa sumu inayopenya kwenye ngozi. Mtoto anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika, mapigo ya moyo yanabadilika. Mwili mdogo unazidiwa upesi kuliko wa mtu mzima. Akirudi na dalili hizo, mvueni nguo alizofanyia kazi, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, na mkamwone mhudumu wa afya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na imekataza kazi hatarishi kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Mzee anaitumia Biblia vibaya, na tunaomba aambiwe kwa heshima lakini bila kuzungushwa.

Walicheza nini?

*Je, watoto wao walikuwa na vitu vya kuchezea? – Baba wa watoto watatu, Kigoma mjini*

Walikuwa navyo. Zekaria 8 anauona mji wa amani kuwa ule ambao njia zake zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Katika magofu zimepatikana njuga za udongo zilizofungwa zikiwa na vijiwe ndani, vifundo vya miguu ya kondoo vilivyorushwa kama kete, na vigae vya duara vyenye matundu mawili. Hivi vya mwisho wengi wanavihesabu kuwa vya kuvumisha kwa uzi, na wanao wanavijua kwa kizibo cha soda.

Kukitengeneza: chukua kigae cha chungu kilichovunjika, kikate duara ya sentimita 5, sugua kingo kwenye jiwe gumu mpaka zisikate. Toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita moja, yakiwa umbali sawa kutoka katikati. Pitisha uzi wa mita moja, funga ncha, zungusha, kisha vuta na kulegeza. Tundu moja likisogea pembeni, kigae kinayumba na hakivumi. Matundu yakiwa na ncha kali, uzi unakatika. Watoto wakae mbali na nyuso za wenzao, kigae kikiruka kinajeruhi.

Mahari iliingia mfuko wa nani?

*Hapa kwetu baba na wajomba wanagawana ng'ombe wa mahari, binti hapati kitu. Waebrania walifanyaje? – Dada, Igunga*

Dada, mahari alipewa baba wa binti. Yakobo hakuwa na mali akalipa kwa kazi, miaka 7 kwa Lea na 7 kwa Raheli. Ila soma malalamiko ya mabinti hao wenyewe katika Mwanzo 31: wanasema baba yao amewauza na fedha yao ameila yote. Neno hilo lisingekuwa na maana kama desturi ingekuwa baba ale peke yake. Rebeka alipewa mapambo na mavazi yake mwenyewe, ndugu na mama wakapewa ya kwao, na kabla ya safari aliulizwa kwa kinywa chake kama atakwenda (Mwanzo 24). Sherehe ilikuwa siku saba. Bwana arusi hakupelekwa vitani mwaka mzima.

Mabinti wanarithi?

*Mzee wetu amefariki na kuacha ng'ombe 20, wana wanne na mabinti wawili. Wazee wa ukoo wanasema kwa Biblia mabinti hawapati. Ni kweli? – Msomaji, Sikonge*

Pole kwa msiba, ndugu. Kwa sheria ya Waebrania mzaliwa wa kwanza alipata mafungu mawili (Kumbukumbu 21). Wana wanne, basi mali inakatwa mafungu matano. Ng'ombe 20 ni wanne kwa kila fungu: mkubwa anachukua 8, wengine 4 kila mmoja. Mabinti wenye kaka hawakutajwa katika mgawo huo. Waliondoka na walichopewa siku ya kuolewa.

Lakini wazee wako wanaacha nusu ya habari. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, mabinti watano wa Selofehadi asiye na mtoto wa kiume, walisimama mbele ya Musa na kuhani Eleazari na mkutano wote wakadai ardhi ya baba yao, na wakapewa (Hesabu 27). Kuanzia hapo mpangilio ukawa mwana, kisha binti, kisha ndugu wa marehemu, kisha ndugu wa baba yake, kisha jamaa wa karibu. Hesabu 36 iliongeza sharti kwamba waolewe ndani ya kabila lao, ardhi isihame. Majina mawili kati ya hayo matano, Noa na Hogla, yamekutwa yakiwa majina ya maeneo kwenye vigae vya hesabu za mafuta na divai vya karne ya 8 KK, vilivyochimbwa Samaria mwaka 1910. Ardhi ilibaki na majina ya wanawake hao kwa karne nyingi.

Sababu ya fungu mara mbili, wengi wanavyoielewa, ilikuwa mzigo. Mkubwa alibaki na mama mjane na dada wasioolewa, akabeba gharama zao. Mkubwa anayetaka ng'ombe 8 na kumwachia mama yake mlango wazi hafuati sheria ile. Na kwa mirathi ya leo, nendeni Mahakama ya Mwanzo mkafungue shauri la mirathi na kuteua msimamizi kabla ng'ombe hata mmoja hajatoka zizini. Ng'ombe wakishatawanyika, kuwarudisha ni kesi nyingine.

Mapacha

*Sisi mapacha tunawaita Bukuru na Butoyi, na wenzetu wa Tabora Kulwa na Doto. Waebrania walijuaje mkubwa? – Msomaji, Kibondo*

Aliyetangulia kutoka ndiye mkubwa, na kwa kuwa fungu mara mbili lilimhusu mkubwa, mkunga ndiye aliyekuwa shahidi. Tamari alipojifungua, mmoja alitoa mkono kwanza, mkunga akaufunga uzi mwekundu. Mkono ukarudi ndani na mwenzake akatoka mzima (Mwanzo 38). Mwenye uzi aliitwa Zera, aliyemtangulia Peresi. Katika orodha za ukoo Peresi huandikwa kwanza, na Daudi ni wa uzao wake. Uzi haukuhesabiwa kuwa kuzaliwa. Wa kwanza alikuwa yule ambaye mwili wake mzima ulitangulia kutoka.